Pistoni Kuukuu Ihukumiwe kwa Kipimo, si kwa Umri

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Wenzetu wa bweni hutuonea huruma kwa vumbi na mvua ya njiani, lakini njia nayo ina mafunzo yake. Mimi kila jioni hupita katikati ya vibanda vya jua kali, na huko nimesikia ubishi mmoja usiokwisha. Ubishi wenyewe ni huu: injini ya pikipiki ya zamani ikifunguliwa ili iundwe upya, je, pistoni iliyokuwamo irudishwe au itupwe?

Mafundi wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema, "Tupa! Nunua mpya. Cha zamani ni cha zamani." Kundi la pili husema, "Bora haijavunjika, pangusa urudishe. Ilikuwa inatembea, itatembea." Makundi yote mawili yana wafuasi wengi na yote hupiga kelele. Maoni yangu ni kwamba yote mawili yamepotoka, kwa sababu yote yanaamua kabla ya kupima. Pistoni haihukumiwi kwa umri wake wala kwa sura yake. Huhukumiwa kwa kipimo. Ikipita mtihani irudishwe bila aibu, ikianguka itupwe bila huruma.

Kwa asiyejua, pistoni ni kile kikombe cha aluminiamu kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Moto wa petroli hukisukuma chini, konrodi hupokea nguvu hiyo na kuipeleka kwenye kranki, na hatimaye gurudumu huzunguka. Karibu na kichwa chake pistoni huvalishwa ringi, yaani pete za chuma zinazoziba nafasi ili nguvu ya moto isivuje. Sehemu ya chini, inayoteleza kwenye ukuta wa silinda, mafundi huiita sketi. Basi sketi hii ndiyo yenye maneno mengi.

Nitatoa mfano ninaoujua vizuri. Babu yangu mzaa mama, mwalimu mstaafu, ana pikipiki aina ya BSA Bantam ambayo aliinunua ikiwa imeshatumika. Ililala ghalani miaka mingi hata kuku wakaifanya kiota. Mwaka jana mjomba aliamua kuifufua. Msomaji, usidhani Bantam ni chuma hivi hivi tu. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia mwaka 1948 hadi 1971. Mchoro wake ulitoka kwa pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, uliochukuliwa kama fidia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mchoro huo huo ndio ulioigwa Japani katika Yamaha YA-1 ya mwaka 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya kampuni ya Yamaha. Silinda yake ina upana wa milimita 52 na pistoni husafiri milimita 58. Chukua kalkuleta upige hesabu ya ujazo, utapata sentimita za ujazo 123.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ilitoka nyeusi kama chungu cha mama ntilie. Fundi wa kwanza aliitazama akacheka. "Hii peleka makumbusho," akasema. Mjomba naye, kwa kuwa mfuko ulikuwa mwepesi, alitaka irudishwe vile vile. Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Pistoni mpya ya Bantam haipatikani dukani mtaani kwetu. Ni ya kuagiza kutoka ng'ambo, ulipe bei yake, ulipe usafiri, kisha ushuru. Fedha zenyewe zilikuwa zile zile za chakula changu cha mchana shuleni na karo ya binamu yangu. Kununua bila sababu kungetuumiza. Kurudisha bila kujua kungeweza kumuumiza babu barabarani. Sasa utaamuaje? Kwa kurusha shilingi?

Tulienda kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma. Mzee huyu si mtu wa maneno mengi. Aliuliza swali moja tu: "Mmepima?" Tukanyamaza.

Kabla sijaeleza alivyopima, ni vyema tujue kwa nini nafasi kati ya pistoni na silinda ni jambo la kufa na kupona. Wanafizikia wenzangu wanakumbuka kwamba vitu hutanuka vikipata moto. Silinda ya Bantam ni ya chuma cha kusubu, pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Tuseme vyote viwili vimepanda nyuzi 100. Aluminiamu ya kawaida yenye upana wa milimita 52 itaongezeka kama milimita 0.12. Chuma kitaongezeka kama milimita 0.06. Tofauti ni 0.06, karibu unene wa unywele mmoja wa kichwani mwako! Na kwa kweli pistoni hupata moto zaidi ya silinda, kwa hivyo tofauti huzidi hapo. Nafasi ikiwa ndogo mno, pistoni huvimba, ikashika ukuta na injini ikakwama. Nafasi ikiwa kubwa mno, pistoni hucheza na kugongagonga kama jino bovu, ringi hazizibi sawasawa, nguvu hupotea, na sketi huchoka hadi kupasuka.

Kwa sababu hiyo, jicho halifai hapa. Hata ile vernia ya maabara yetu haitoshi, kwa maana husoma hadi milimita 0.1 tu, na sisi tunatafuta sehemu za mia. Chombo kinachofaa ni mikromita. Ya shuleni husoma sehemu za mia za milimita vizuri kabisa, lakini hufunguka hadi milimita 25 pekee na pistoni haiingii. Fundi huhitaji ile inayopima kuanzia milimita 50 hadi 75. Mzee alikuwa nayo, imefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Kupima nako kuna adabu zake. Pistoni si duara kamili ijapokuwa macho yanakudanganya hivyo. Ni ya umbo la yai kidogo, na upande wa juu ni mwembamba kuliko wa chini kwa sababu juu ndiko kwenye moto mwingi. Basi hupimwa chini kwenye sketi, kwa kukingama na upande unaopita pini. Ukipima pengine utapata namba ya uongo. Silinda nayo hupimwa juu, katikati na chini, tena pande mbili kila mahali, kwa kuwa hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukipapasa hapo kwa ukucha, mara nyingi utakuta kituta. Kituta hicho kisiposawazishwa, ringi mpya inaweza kukigonga na kuvunjika.

Matokeo yetu yalikuwa hivi: silinda, mahali palipolika zaidi, milimita 52.03. Sketi ya pistoni, milimita 51.93. Nafasi, milimita 0.10. Mzee akafungua kitabu cha injini hiyo kilichochakaa, akaonyesha kwa kidole kwamba bado tuko ndani ya mpaka. Pistoni ya makumbusho ilikuwa imepita mtihani!

Lakini hakuishia hapo. Aliiloweka pistoni katika mafuta ya taa usiku kucha, akaipangusa ikauka, kisha akaipaka unga wa chaki. Ndiyo, chaki hii hii ya mwalimu. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari kwenye unga. Huangaliwa hasa kwenye sketi, kando ya matundu ya pini na kati ya mifereji ya ringi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, ila ufa wa pistoni hauzibwi. Ukiuona, safari ya pistoni hiyo imekwisha. Ya babu haikuwa na mstari wowote.

Ringi zake, lahaula! Hizo zilianguka. Ringi hutiwa peke yake ndani ya silinda, husukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pengo la ncha zake hupimwa kwa fila geji. Mafundi wengi hufuata kanuni ya takriban milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za upana wa silinda, kwa hivyo ringi mpya ya Bantam ingekuwa na pengo la karibu milimita 0.2. Zetu zilikuwa na 0.9. Tukaagiza ringi mpya mbili, na klipu mpya za pini, maana klipu ikitolewa haifai kurudishwa. Ikichomoka ndani ya injini huchimba ukuta wa silinda kama panya. Vitu hivi ni vyepesi na bei yake haikaribii ya pistoni. Chakula changu cha mchana kikapona.

Sasa msomaji asije akasema kwamba mimi ni wakili wa vitu kuukuu. Siku chache baadaye, kwenye meza ile ile, aliletwa mgonjwa mwingine: injini ya Honda CG125 ya zamani. Pikipiki hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, na injini yake ndiyo iliyoigwa katika nyingi ya pikipiki za Kichina zinazobeba abiria katika miji na vijiji vyetu. Pistoni yake ilikuwa safi, inang'aa, huwezi kuilinganisha na ile nyeusi ya babu. Mwenyewe alisema, "Hii ni kama mpya, wewe irudishe tu." Mikromita ikasema mengine. Silinda milimita 56.58, sketi milimita 56.38, nafasi milimita 0.20. Mpaka wa Honda kwa injini ndogo za namna hiyo ni milimita 0.10. Yaani ilikuwa imepita mara mbili! Nzuri kwa macho ikatupwa, mbaya kwa macho ikarudi kazini. Je, tungejuaje bila kupima?

Natumai sasa unaona kwa nini nayakataa makundi yote mawili. Hebu tulijibu kila moja kwa zamu yake.

Wale wa "tupa" wana hoja moja yenye nguvu: kwamba kitu kipya hakina historia ya siri. Nakubali kwa kiasi. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwanza, bidhaa bandia zimejaa sokoni, ndiyo maana Kenya ikatunga sheria ya kupambana nazo mwaka 2008. Pistoni mpya nayo yafaa ipimwe kabla ya kutiwa, maana maandishi kwenye sanduku si kipimo. Pili, pistoni mpya ya saizi ya kawaida ikitiwa katika silinda iliyolika haiponyi kitu, kwa kuwa ukuta ndio uliopanuka. Inabidi silinda iribo, yaani ipanuliwe kwa mashine, ndipo itiwe pistoni ya saizi kubwa zaidi. Za Kijapani kwa kawaida huongezeka kwa hatua za milimita 0.25 hadi kufikia milimita 1. Kila ukiribo unakula ukuta wa silinda, na chuma kilichokatwa hakirudi. Kwa injini ya zamani isiyotengenezwa tena, kuribo bila haja ni kula mbegu za msimu ujao. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wale wa "rudisha tu" nao hoja yao ni umaskini. "Hatuna pesa, tutafanyaje?" Ninawaelewa sana, kwani hata sisi hatukuwa nazo. Lakini rahisi huwa ghali. Mtaani kwetu kuna kijana wa bodaboda ambaye injini yake ilifunguliwa kwa sababu ya moshi mwingi. Fundi wake, ambaye simtaji, alibadilisha ringi na kurudisha pistoni bila kupima wala kuchunguza lolote. Majuma machache baadaye, kwenye mteremko, sketi ilipasuka, vipande vikaingia chini, injini ikakwama ghafla na gurudumu la nyuma likafunga. Kijana alivunjika mtulinga. Mama aliyembeba, aliyekuwa akitoka sokoni, aliteguka kifundo cha mguu. Injini yenyewe ilikuwa haifai tena hata kwa spea. Sasa niambie, ni pesa gani iliyookolewa? Kupima kulikuwa kumgharimu chini ya bei ya tangi moja la petroli.

Tena kuna wanaoharibu pistoni nzuri kwa pupa ya kuisafisha. Wengine huikwangua masizi kwa bisibisi au kuisugua kwa brashi ya waya hadi mifereji ya ringi ikaharibika. Kijiti cha mti mgumu chatosha, pamoja na subira. Wengine huichemsha katika kostiki soda kwa sababu wameona ikisafisha vyuma. Wanakemia, mwajua kitakachotokea: aluminiamu huliwa na soda hiyo na kutoa gesi ya haidrojeni. Utaingiza pistoni na kutoa uji! Wengine nao husahau alama. Pistoni irudi kama ilivyotoka, mbele ikiwa mbele, na injini ikiwa na pistoni mbili, kila moja irudi nyumbani kwake. Zimeshazoeana na kuta zao, na hasa kwenye injini ya mipigo miwili kama Bantam, sketi ndiyo inayofungua na kufunga milango ya hewa na moshi.

Mwisho kabisa nina mapendekezo. La kwanza ni kwa mafundi wetu. Najua mikromita si bei ya njugu, lakini vibanda vitano au sita vinaweza kuchanga vikanunua moja na kuitumia kwa zamu. Vyama vya akiba tunavyo hata vya kununua masufuria. Aidha, kila namba iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na injini bila daftari ni vivyo hivyo.

La pili ni kwa wenye pikipiki. Fundi akikwambia pistoni ni mbovu, mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba namba." Akikwambia ni nzuri, mwombe namba vile vile. Fundi wa kweli hatakasirika. Atakayekasirika, basi umeshapata jibu.

La tatu ni kwetu sisi wanafunzi. Tulipofundishwa vernia na mikromita katika kidato cha pili, wengi walinung'unika, "Hii itatusaidia wapi maishani?" Walizikariri kwa ajili ya mtihani wakazisahau getini. Somo la ufundi wa injini lipo katika shule chache tu, na yetu si mojawapo. Hata hivyo fizikia tunayo, kemia tunayo, chaki tunayo, na vibanda viko hatua mia tatu kutoka shuleni. Naomba walimu wetu wa sayansi watupeleke huko hata alasiri moja kwa muhula, tukapime vitu vinavyobeba watu badala ya kupima tu vile vigololi vya maabara kila mwaka. Na chama chetu cha Kiswahili kiandike orodha ya maneno ya ufundi jinsi mafundi wenyewe wanavyoyatamka, ili mwanafunzi na fundi waelewane.

Pikipiki ya babu inatembea. Kwa kilomita mia chache za kwanza iliendeshwa polepole ili ringi na ukuta vizoeane, na sasa humpeleka kanisani Jumapili akiwa amenyooka kama afande. Lakini hata kama pistoni ile ingeanguka mtihani, maoni yangu yasingebadilika hata chembe. Tungeiweka kando, tungesubiri, tungechanga hadi mpya ipatikane, na babu angeendelea kutembea kwa miguu. Afadhali miguu iliyochoka kuliko mtulinga uliovunjika. Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja ya kunipinga na aje, lakini tafadhali aje na mikromita.